Mgeni Haleti Saa Yake

Jamani, nimekuwa kimya hapa wiki kadhaa, na nimerudi na hasira. Wiki hizo zimeishia kwenye barabara ya Kisii kwenda Nyamira, nikifukuzana na saa ya kompyuta. Ndiyo, saa!

Kisa chenyewe ni hiki. Chama kimoja cha akiba na mikopo upande wa Nyamira, wanachama wake wengi wakulima wa majani chai, kilikuwa na seva kuukuu yenye Linux 2.6.9. Seva ilipokufa, fundi akachukua diski nzima akaigeuza mashine pepe juu ya KVM, kwenye kompyuta inayobeba wageni wengine watano. Ikawaka, watu wakapiga makofi. Siku ya mwisho ya kulipa mkopo, mama mmoja akalipa kabla ya saa kumi jioni. Ujumbe wa M-Pesa kwenye simu yake ulionyesha 3:51 PM. Mfumo wa chama ukaandika 16:09 na kumtoza faini. Mama akaniuliza, "Kijana wangu, hiyo saa yenu mnaitoa wapi?"

Tunaitoa kwenye kuhesabu mipigo, mama. Kerneli ya zamani haiulizi saa ni ngapi. Inakipanga kipima muda cha PIT, chenye mwendo wa 1,193,182 Hz, kiikatize mara 1,000 kwa sekunde, halafu inajumlisha. Kwenye mashine halisi hiyo ni sawa. Lakini mashine pepe hulala: mwenyeji akimpa mwingine zamu ya prosesa, mipigo inapita mgeni hayupo.

Ni kama mtu aliyeketi stejini anayejua saa kwa kuhesabu matatu zinazoondoka. Anasinzia, anaamka, anajisemea, "Zimenipita tatu," anaziongeza. Manamba naye anamhurumia: "Mzee, ongeza tatu zilizokupita." Tatu zimekuwa sita. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. KVM kwa kawaida humrudishia mgeni mipigo ya PIT iliyopotea, na kerneli ile nayo hufidia mipigo hiyohiyo kwa kuangalia kaunta ya TSC. Kila mmoja ana nia njema, na pamoja wamemtoza mama faini.

Sasa waje wataalamu wa "weka NTP tu". Cron ilikuwa ikirekebisha saa kila saa sita usiku, na kufikia saa kumi jioni ilikuwa imetangulia dakika 18. Ntpd ikivuta saa taratibu haizidi sehemu 500 kwa milioni. Kwa saa 16 hiyo haifiki hata sekunde 29! Ikishindwa kuvuta, inaruka. Na saa ikiruka nyuma, malipo ya pili yanaandikwa kabla ya ya kwanza. Mweleze mkaguzi wa hesabu hayo.

Wapo pia wanaosema mwenyeji aige vifaa kikamilifu, mgeni asijue yuko wapi. Hapa ndipo ninapogombana nao. Diski inaigika, kadi ya mtandao inaigika, muda hauigiki. Mgeni aliyelala milisekunde 40 akiamka, mwenyeji atamrushia mipigo 40 kwa mkupuo, au aitupe, au aidondoshe polepole. Yote matatu ni uongo, umebaki kuchagua upi. Na kila mgeni anapogusa milango ya PIT, prosesa inamwacha na kurudi kwa mwenyeji, maelfu ya mizunguko kwa kusoma saa tu. Wageni sita wa aina hiyo ni makatizo 6,000 kwa sekunde hata wakiwa hawana kazi.

Dawa ipo. Xen ilikuwa nayo tangu 2003, na kvm-clock iliingia kwenye Linux mwaka 2008. Mgeni anamwonyesha mwenyeji sehemu ya kumbukumbu. Mwenyeji anaandika humo saa, thamani ya TSC wakati huo, na kizidisho. Mgeni akitaka saa anasoma TSC na kupiga hesabu mwenyewe, bila kubisha hodi. Hata akilala, akiamka saa ni sahihi.

"Lakini kerneli inapoteza usafi ikijua iko ndani ya mashine pepe!" Usafi gani? Hiyo ni adabu. Mgeni wa kweli hapandi kiti kurekebisha saa ya ukutani ya wenyewe. Anauliza.

Kama kerneli haibadiliki, basi nyamazisheni mmoja wa wafidiaji: kwenye QEMU weka kvm-pit.lost_tick_policy=discard. Sisi tuliihamishia programu kwenye kerneli mpya, na saa ikatulia.

Fanya hivi leo. Ingia kwenye mgeni wako, soma /sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource. Ukiona kvm-clock, lala. Ukiona pit au jiffies, au faili lenyewe halipo, usilale.

Mama alirudishiwa faini yake baada ya vikao viwili, kwa sababu hakuwa amefuta ujumbe wa simu. Ni wangapi waliotozwa na ujumbe wakaufuta? Mwenye kunipinga na anipinge, ila ajibu hilo kwanza.