Kabla ya kutuma picha ya mdudu huyo, angalia pini

Umeona mdudu wa ajabu kwenye ukuta wa ploti, ukampiga picha, ukaituma kwa apu ya iNaturalist kuuliza ni nani huyu. Watu wawili wamekubaliana kuhusu jina lake. Umemaliza? La. Ukiacha leseni ya rekodi yako wazi, rekodi hiyo inapitishwa hadi GBIF, hazina ya data za viumbe iliyoanzishwa 2001 na yenye makao Copenhagen, Denmark, na mtafiti yeyote anaipakua bure. Zamani ungelazimika kupanda matatu hadi makavazini ukaombe kufunguliwa droo.

Raha tupu, ila kuna pini. Thamani ya rekodi yako haiko kwa uzuri wa picha, iko kwa mahali hasa ulipomwona mdudu.

Unakumbuka kesi ya sisimizi? Aprili 2025 vijana wawili Wabelgiji walinaswa Nakuru wakiwa na malkia wapatao 5,000, wamefungiwa ndani ya vichupa vyenye pamba. Mei 7, mahakama ya JKIA iliwatoza faini ya Sh1 milioni kila mmoja, au mwaka mmoja jela. Sisemi walitumia apu yoyote. Nasema tu kwamba anayewinda wadudu wa kuuza leo hana haja ya kumhonga mtu kijijini ili aonyeshwe njia, ikiwa wewe umemwekea pini.

iNaturalist yenyewe huficha mahali pa viumbe waliotambuliwa kuwa hatarini: pini inarushwa popote ndani ya eneo la karibu kilomita 22 kwa 22. Lakini mdudu asiye na hadhi hiyo anabaki wazi hadi wewe uguse chaguo la kuficha mahali, kabla ya kutuma. Wanaochora ramani ya ndege, Kenya Bird Map, walipanga vizuri tangu mwanzo: wao huhesabu kwa miraba ya kilomita 9 hivi kila upande, hawahitaji kujua kiota kiko mti gani.

Usianze sasa kuficha kila kitu, jamani. Marabou wa pale Nyayo anajulikana na kila makanga. Na barabara ikipangwa kupita kwenye kinamasi, rekodi iliyo wazi ndiyo itakayoonyesha nani anaishi humo. Ukitazama ramani hizo utaona Nairobi imejaa alama, Mandera chache. Hilo halina uhusiano na idadi ya ndege. Ni wenye simu na bando ndio hawajafika huko, au wamefika na hawajatuma.