Kimya Hakitulizi Moyo

Wavuvi wetu wajua: ukungu hauondoi mwamba ziwani, huuficha tu. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi. Intaneti ilikatwa nchi nzima, ikarudi tarehe 3 Novemba. Siku zile zile ghasia zilitokea katika miji kadhaa, Mwanza mmojawapo, na watu walikufa. Je, mama wa Ukerewe mwenye mtoto anayesoma mjini, alipata wapi habari za kweli? Alipata uvumi, na uvumi hauna baba.

Labda mtu atasema, “Habari huchochea fujo.” Uongo huchochea, ni kweli. Lakini dawa ya uongo ni ukweli usemwao upesi, siyo kimya. Tena Katiba yetu, ibara ya 18, humpa kila raia haki ya kupewa taarifa za mambo yaliyo muhimu kwa maisha yake.

Basi, wazazi, kabla ya kupeleka neno mbele ulizeni, “Nani aliona?” Na viongozi wakija kijijini, waulizeni kwa heshima, bila woga. Mficha maradhi, kifo humwumbua.