Pesa ya mgodi na miradi ya jamaa: tusihesabu majengo, tuhesabu faida

Kwenye barabara za migodi, kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi, vibao ni vingi: hii masomo ilijengwa na sosiete fulani, hii foraji ni zawadi ya sosiete fulani. Kibao kinaonyesha jengo. Hakisemi kama watoto wanajua kusoma, wala kama pompe ingali inatoa maji ao ilishakufa. Na ile njo ulizo kubwa, kwa sababu pesa yenyewe si zawadi.

Sheria ya Migodi ya 2002 iligeuzwa tarehe 9 mwezi wa tatu 2018. Tangu pale, sosiete yenye kuchimba inapashwa kutoa angalau 0,3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu na mgodi. Chombo kinachoongoza pesa ile tunakijua kwa jina la DOT, na ndani yake wajumbe wa sosiete na wa jamaa wanakaa pamoja. Tena, kwenye redevance ya madini, 50% inaenda kwa Leta, 25% kwa jimbo, 15% kwa komine, sekta ao shefferi ya mahali mgodi uko, na 10% kwa mfuko wa vizazi vya kesho.

Piga hesabu kidogo. Sosiete ikiuza shaba na kobalti ya dola milioni 500 kwa mwaka, 0,3% yake ni dola milioni moja na nusu. Ni franka mingi. Lakini inaisha mbio kama kila mtu anavuta kwake: mmoja anataka uwanja wa mpira, mwingine soko, mwingine nyumba ya shefu. Wazee walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Daftari tunalosemea hapa ni hesabu ya gharama na faida. Haikuanza leo. Mwaka 1844, injiniere mmoja wa Ufaransa, Jules Dupuit, aliuliza daraja ao barabara inaletea watu faida gani, ukilinganisha na bei ya kuijenga. Mwaka 1936, sheria ya Marekani juu ya kuzuia mafuriko iliweka kanuni: kazi ifanyike kama faida, kwa yeyote atakayeipata, inapita gharama. Shika ile neno «kwa yeyote». Tutairudilia.

Tutwae mfano, namba zake ni za kufundishia tu. Tuseme foraji moja ni dola 20 000, na familia 200 zinateka maji pale. Mbele, kila familia ilipoteza saa mbili kwa siku kwenye njia ya maji. Sasa ni saa moja. Saa 200 zimeokolewa kwa siku moja, na kwa siku 300 ni saa 60 000. Ukiweka saa moja kwa senti 20 za dola, faida ni dola 12 000 kwa mwaka. Toa dola 2 000 za kutengeneza pompe na kulipa mlinzi, inabaki 10 000. Kwa miaka miwili foraji imejilipa, na miaka inayofuata ni faida tupu.

Sasa ondoa zile 2 000, kwa sababu hakuna aliyezifikiria. Pompe inakufa nyuma ya mwaka mmoja. Umetoa 20 000, umepata 12 000. Jamaa imepoteza 8 000, na kibao kingali kinasimama. Ni vile hata kwa lopitali isiyo na dawa, ao masomo isiyo na mwalimu anayelipwa. Bei ya mradi si bei ya briki na mabati. Ni bei ya kuufanya uishi.

Lakini hesabu hii iko na mtego wake, na masikini njo anayenaswa. Ni nani aliamua kwamba saa ya mama ni senti 20? Kama tunapima saa kwa mshahara, saa ya injiniere wa mgodi inapita mara nyingi saa ya mama anayeosha mawe mtoni. Basi kwa karatasi foraji ileile itaonekana na faida zaidi kwenye kampi ya waajiriwa kuliko kwenye kartye ya wachimbaji wa mikono. Namba zimesema kweli, na bado zimemsukuma masikini nyuma. Ndiyo hatari ya lile neno «kwa yeyote»: dola inayoingia kwa tajiri na ile inayoingia kwa mtu mwenye njaa zinahesabiwa sawasawa. Huko Uingereza, kitabu cha mwongozo cha wizara ya fedha kinakubali kutoa uzito zaidi kwa faida inayofika kwa watu wa kipato kidogo. DOT pia inaweza kuuliza: katika familia zitakazopata, ngapi ni za wasio na kitu?

Kuna somo lingine karibu yetu, Busia, magharibi mwa Kenya. Wachunguzi walijaribu njia mbalimbali za kusaidia watoto wa masomo ya msingi. Walitoa vitabu. Kila mtu aliwaza vitabu vitasaidia wote, lakini kwa wastani majibu ya mtihani hayakupanda. Walisaidika wale waliokuwa mbele tayari. Vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, na kwa watoto wengi ile ni lugha ya tatu. Mzazi wa huku, ambaye mtoto wake anapigana na Kifaransa, anaelewa bila kufasiriwa.

Halafu, kuanzia 1998, kwenye masomo 75, watoto walipewa dawa ya minyoo ya tumbo. Dawa ile ni bei ndogo sana. Michael Kremer na Edward Miguel waliandika kwamba kukosa masomo kulipunguka kwa robo moja. Kremer alipata tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2019, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Wataalamu wengine walirudilia namba zake mwaka 2015, wakakuta makosa fulani, na mabishano yalikuwa makali. Ni vizuri vile: hesabu iliyo wazi, mwingine anaweza kuisahihisha. Hesabu ya mfukoni hapana.

Sasa tuguse jambo letu lenyewe: watoto kwenye karieri. Tangu mwezi wa tisa 2019, masomo ya msingi ya Leta ni bure. Watu wengine wanashangaa: «Kama ni bure, juu ya nini batoto bangali ku mawe?» Jibu liko kwenye daftari. Mtoto akiingia darasani, nyumba inapoteza franka aliyoleta mangaribi. Ile ni gharama, hata kama hakuna risiti. Mradi unaolipa madawati na kusahau ile pengo ya chakula, mtoto atarudia mawe kabla ya mwaka kuisha. Si kwa sababu mzazi ni mubaya. Ni kwa sababu hesabu ya nyumba yake ilikuwa ya kweli kupita hesabu ya mradi. Kumsaidia mama kupata kazi ingine, ao kulisha mtoto masomoni, kunaongeza gharama kwa karatasi. Lakini bila hii, gharama zote zingine zinamwangika kama maji kwenye mchanga.

Kwa hiyo, mkutano wa DOT ukija kwenu, msiulize tu «mutatujengea nini?» Ulizeni: nani atapata faida, na yeye ni nani kati yetu? Ni nani atalipa matengenezo mwaka wa tatu? Kwa pesa ileile, tungeweza kufanya nini kingine? Na nyuma ya miaka miwili, nani atakuja kupima, na jibu litasomwa mbele ya watu wote?

Madini yanayotoka hayarudi udongoni. Kinachoweza kubaki ni afya ya mtoto, akili yake, na saa za mama yake. Hivi njo vya kuandika kwenye kibao.