Takrima au Rushwa?

Ndugu Waislamu, takrima ni kumkirimu mgeni. Basi mgombea ajaye mwaloni Kibirizi na khanga na sukari siku za kura, yeye ndiye mgeni. Mbona anatukirimu sisi?

Mwaka 2000 sheria iliiruhusu takrima hiyo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaibatilisha. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, chini ya Msajili wa Vyama vya Siasa. Lakini Msajili halali mwaloni. Shahidi ni wewe uliyepokea, nawe husemi, maana umekula.

Mtume (S.A.W.) alimuuliza mtoza zaka aliyepewa zawadi: angalikaa nyumbani kwao, angeletewa? Nasi tujiulize: tusingekuwa na kura, tungeletewa sukari? Irudisheni, mpate ulimi wa kushitaki.

Wabillahi tawfiq.