Faini ya Ulimi

Ndugu walimu, wanafunzi wa chuo kimoja hapa Gisenyi wameniletea rasimu ya katiba ya chama chao cha Kiswahili, niisome na kuitia sahihi nikiwa mlezi wao. Vifungu vingi ni vya kawaida: kiingilio, ada, mavazi ya heshima, kuwahi mikutanoni. Kimoja kimenikwama kooni. Chasema kwamba mwanachama atakayetumia mkutanoni "Kiswahili kibovu cha mpakani" atatozwa faini, na akirudia mara ya tatu atasimamishwa uanachama.

Kibovu kwa kipimo cha nani? Kijana asemaye "batoto" badala ya watoto, na "kuya" badala ya kuja, hakuyabuni maneno hayo ili atuudhi. Ameyapata kwa mama yake, aliyemlipia karo kwa kuuza mboga Goma. Kwa miaka mingi maelfu ya watu, wengi wao wanawake wenye mizigo kichwani, wamekuwa wakivuka pale Petite Barrière asubuhi na kurejea jioni, na lugha waliyopatania bei ndiyo hiyo itozwayo faini. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa. Hakikuingia humo kwa hisani ya vitabu vyetu vya sarufi. Kiliingia kwa kuwa watu wanakisema.

Wala tusisahau tulikotoka. Kiswahili kilienea Rwanda pamoja na askari na wafanyabiashara wa zama za Mjerumani, kisha kikadharauliwa miaka mingi kuwa lugha ya Waislamu, ya sokoni na ya wajanja. Kumwita mtu Mswahili lilikuwa tusi. Mwaka 2017 ndipo kilipofanywa lugha rasmi. Basi aliyetukanwa jana amepewa kiti leo, na neno lake la kwanza ni kumtukana nduguye!

Nisieleweke vibaya. Kiswahili sanifu ndicho nikifundishacho, na "batoto" katika mtihani naipigia mstari mwekundu bila huruma. Lakini sanifu yenyewe ni mapatano ya watu: mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Watu wa Mvita, wenye hazina kubwa ya mashairi, hawakuacha kusema Kimvita kwa sababu hiyo, wala hawakutozwa senti. Waliotozwa na kuchapwa ni watoto wa Kenya ya kikoloni, ambao Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza walivyovishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kigikuyu shuleni. Sidhani vijana wangu walikusudia kumrithi mwalimu yule.

Lililonisikitisha zaidi ni yale yasiyomo. Ulimi umepewa mistari tisa. Mweka hazina hana hata mmoja. Hesabu zitasomwa lini, na mbele ya nani? Mwenyekiti akimaliza muda wake akang'ang'ania kiti, nani atamwondoa? Mshtakiwa atasikilizwa wapi kabla ya kuhukumiwa? Kenya, iliporekebisha Sheria ya Vyuo Vikuu mwaka 2016, iliwawekea viongozi wa baraza la wanafunzi muda wa mwaka mmoja, na ruhusa ya kuchaguliwa tena mara moja tu. Vifungu vya namna hiyo huwauma wenye vyeo, na labda ndiyo sababu hukumbukwa mwisho.

Tena mambo haya mawili yameshikana. Aliye na swali kuhusu fedha za chama huenda ni yule yule wa "batoto". Atasimamaje kuuliza, ilhali kila neno lake lina bei?

Nimeirudisha rasimu bila sahihi. Kifungu cha ulimi nimekikata kwa kalamu, na pembeni nimeandika maswali yangu matatu. Katibu ameniambia kwamba mkutano mkuu utayajadili Jumamosi. Nimemwomba aruhusu kila mtu aseme kwa Kiswahili alicho nacho.