Ekzosi ya 45,000, Tairi za 5,000

Wasee wa Subaru, leo mtanikasirikia na sina shida. Kama una gari la spoti la zamani, na umelipia ekzosi, rimu na stika kabla ya kununua tairi za maana, unapenda kelele kuliko unavyopenda gari. Najua kwa sababu nilikuwa hivyo hivyo, tena nikawarekodia video muige.

Ndai yangu mnaijua, Impreza WRX ya 2003. Niliinunua na pesa za matangazo mwaka mmoja baada ya kuacha chuo. Mwenyewe wa kwanza alikuwa mzee fulani aliyeitunza kama mtoto. Mimi nikaanza kuiharibu wiki hiyo hiyo. Ekzosi, 45,000. Rimu za rangi ya dhahabu, sitasema bei kwa sababu mathe husoma hapa. Tairi zilipoisha meno, nikaenda kwa jamaa anayeuza za ex-Japan, 5,000 kila moja, nikafungiwa zote nne. Akanipunguzia kidogo nikamfanyia video. Zilikuwa zinang'aa, zimepakwa dawa nyeusi, meno marefu, jina kubwa ubavuni. "Boss, hizi ni kama mpya," akaniambia. Na mimi nikawaambia nyinyi maneno hayo hayo mbele ya kamera. Sikuinama hata mara moja kusoma kitu.

Aprili, mvua ya masika, Southern Bypass, kile kipande cha msituni baada ya Lang'ata. Nilikuwa kwa 80, si mbio. Dada yangu mdogo yuko kiti cha mbele anakula njugu. Kona si kali hata. Nikagusa breki kidogo, nyuma ikatoka. Tukazunguka mara moja na nusu, tukasimama tukiangalia tulikotoka, na lori linakuja kwa laini yetu. Dereva wa lori alikuwa macho, Mungu ambariki. Dada yangu hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Tushuke." Njugu zilikuwa kila mahali.

Nilisoma zile tairi siku iliyofuata, nikiwa nimelala chini kwa parking na tochi ya simu. Ukitafuta herufi DOT ubavuni, ufuate hadi mwisho, utapata namba nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Mbili zangu ziliandikwa 3612, yaani wiki ya 36 mwaka wa 2012. Ya tatu, 0811. Tairi zenye zaidi ya miaka kumi, na mimi nimezipeleka highway na mtu wa familia yangu. Kama namba haionekani upande wa nje, iko upande wa ndani, na kama imesuguliwa ikatoka kabisa, msalimie muuzaji uende nyumbani.

Meno yanadanganya. Hilo ndilo lilinimaliza. Tairi ikikaa stoo au kwa gari lisilotembea, meno hayaishi lakini mpira unazeeka. Unakauka, unakuwa mgumu kama soli ya kiatu cha shule, na mpira mgumu haushiki lami yenye maji. Michelin wenyewe wanasema tairi ikaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na ikifika kumi tangu itengenezwe itolewe, hata kama inaonekana nzuri. Uingereza ilipiga marufuku tairi za zaidi ya miaka kumi kwenye ekseli ya mbele ya malori na mabasi mwaka wa 2021. Huko wanajali malori. Hapa mtu anaweka hizo hizo kwa gari la nguvu 250 na turbo.

Tairi ya nne sasa, hiyo ndiyo iliniaibisha. Ubavuni imeandikwa STUDLESS. Ni tairi ya theluji! Wajapani huzivaa wakati wa baridi, mpira wake umetengenezwa uwe laini penye barafu, na meno yake yana mikato mingi myembamba kama ya wembe. Kwa lami ya Nairobi saa nane mchana inakuwa kama chingamu, gari linayumba na tairi inaisha haraka. Ukiona hilo neno, au mchoro wa mlima wenye kipande cha theluji ndani, hiyo tairi haijatengenezewa nchi yetu. Nilikuwa natembea na theluji kona moja na mawe kona tatu.

Kuna mtu tayari anaandika, "Lakini dereva mzuri anaweza." Boss, Paul Walker hakuwa anaendeshwa na mgeni wa magari. Porsche Carrera GT ya 2005, Novemba 2013, California. Wachunguzi walisema mwendo ndio uliosababisha ajali, na sitawadanganya kwamba ni tairi peke yake. Lakini waliandika pia kwamba tairi zilikuwa na zaidi ya miaka tisa. Sisi tumebandika picha yake kwa vioo vya nyuma vya magari yetu, na chini ya hicho kioo tunatembea na tairi kuukuu kuliko zile.

Tena gari kama langu lina shida yake. Gari jipya likianza kuteleza, kompyuta inagusa breki za gurudumu moja moja inakurudisha barabarani kabla hujajua umekosea. WRX ya 2003 haina hiyo kitu. Ina ABS, ina wewe, ina vipande vinne vya mpira, kila kimoja kinagusa lami kwa ukubwa wa kiganja. Na hizi gari haziongezeki. Sheria haikubali gari la zaidi ya miaka minane liingizwe nchini, kwa hivyo zilizopo ndizo zilizopo, na kila wikendi tunapunguza moja kwa ukuta.

Halafu ule ujanja wa kununua tairi mbili mwezi huu, mbili "nikipata". Kwa Vitz sawa, utaishi. Kwa Subaru magurudumu yote manne yanasukumwa kila wakati, na katikati kuna difu inayogawa nguvu mbele na nyuma. Tairi mpya ni kubwa kidogo kuliko iliyoisha, kwa hivyo hazizunguki sawa. Hiyo difu inadhani gari linateleza siku nzima, inafanya kazi siku nzima, inachemka. Baadaye fundi anakwambia giaboksi imekwisha, unaanza kulaani Wajapani. Nunua nne, aina moja, saizi moja, umri mmoja.

Najua jibu: "Wewe una pesa za wadhamini, sisi hatuna." Sawa, tuongee pesa. Kwanza, sijasema ununue jina kubwa. Tairi mpya ya kampuni ya kati, iliyotengenezwa mwaka huu au jana, naichukua kabla ya jina kubwa la 2012. Angalia kama imeandikwa TRACTION AA au A, hicho ni kipimo cha kusimama penye maji. Namba ya TREADWEAR ikiwa kubwa sana, jua imetengenezwa idumu, na mara nyingi kile unachopata kwa maisha marefu unakilipia kwa mshiko. Kampuni hujipa hiyo namba yenyewe, kwa hivyo usiifanye Biblia.

Pili, shuka rimu. Hapa ndipo mtanitukana. Gari langu lina 215/45R17. Nimefanya hesabu na kalkuleta ya simu, sikuhitaji digrii: tairi hiyo ina urefu wa milimita 625 kutoka chini hadi juu. 205/55R16 ina 632. Tofauti ni kama asilimia moja, spidomita haitajua. Lakini ubavu wa mpira unatoka milimita 97 unafika 113, na hiyo 16 ya ziada ndiyo itakayopigana na mashimo ya mtaani kwenu badala ya rimu yako. Tairi za 16 kwa kawaida ni bei nafuu pia. Pima kwanza kama rimu inapita breki zako, na usikubali uzito au mwendo wa chini ya ule gari lilikuja nao. Yangu ni 87W, yaani kilo 545 kila tairi na kilomita 270 kwa saa. Hutafika 270, najua. Hiyo herufi inakuambia pia tairi inavumilia joto kiasi gani.

Ndiyo, 16 zinaonekana ndogo. Wasee walinicheka kwa meet ya mwisho, mmoja akaniuliza kama nimekuwa mwalimu. Nilirudi nyumbani kwa mvua bila kushika usukani kama mtu anayezama.

Rimu za dhahabu niliuza. Ekzosi pia, kwa 18,000, hasara ya kulia, na ikachangia tairi nne mpya na alaimenti. Ndai sasa iko kimya mpaka askari wa Waiyaki Way wamenisahau.

Ile video nimeifuta, lakini ilikaa miezi mitano, na kuna watu waliandika chini yake kwamba wameenda kwa yule jamaa sababu yangu. Binamu yangu ni mmoja wao, na yeye hubeba watoto watatu kuwapeleka shule. Nilimpigia simu mbele ya dada yangu nikamwambia ashuke asome namba. Akarudi kwa simu akasema, "Ya nyuma kushoto ni 4010." Alikuwa ameegesha nje ya shule.