Kura ya Darasani: Tuwafundishe Watoto Kupima Wagombea Wote

Katika kukagua mazoezi ya kufundisha kwenye shule za msingi za Arusha mjini na za vijiji vilivyo chini ya Mlima Meru, tumeona kwamba kiranja wa darasa hupatikana kwa njia mbili. Ama mwalimu humteua, ama huuliza, "Nani anamtaka huyu?" na watoto hunyoosha mikono huku wakitazamana. Njia ya kwanza haifundishi uchaguzi hata kidogo. Ya pili hufundisha uchaguzi mbaya, kwani mtoto humtazama jirani yake kabla ya kuinua mkono wake mwenyewe. Majirani zetu wa Kenya waliona madhara ya kura ya wazi mwaka 1988, wapiga kura walipotakiwa kupanga foleni nyuma ya wagombea katika mchujo wa chama cha KANU. Hofu na malalamiko yalikuwa mengi.

Maoni yetu ni kwamba yafaa kiranja achaguliwe kwa kura ya siri ya kupanga nafasi. Mtoto haandiki jina moja tu, bali huwapanga wagombea wote: wa kwanza, wa pili, wa tatu na kuendelea. Australia imewachagua wabunge wake kwa njia hii kwa zaidi ya miaka mia moja. Papua New Guinea, nchi ya lugha nyingi mno na yenye watu wengi wasiojua kusoma, huwataka wapiga kura wapange wagombea watatu, na ilifanya hivyo kwa mara ya kwanza katika uchaguzi mkuu wa mwaka 2007. Kwa hiyo njia hii haihitaji utajiri wala elimu ya juu.

Tuchukue mfano wa kuandika ubaoni. Darasa lina wanafunzi 60 na wagombea wanne, kila mmoja na alama yake: jembe, nyumba, ng'ombe na mgomba. Alama huwasaidia watoto wanaosoma kwa shida. Jembe na nyumba ndizo zilizotumika nchini kuwatofautisha wagombea wawili wa ubunge katika uchaguzi wa mwaka 1965. Nafasi za kwanza zikihesabiwa, jembe ana kura 22, nyumba 17, ng'ombe 13, na mgomba 8. Hakuna aliyepita nusu, yaani kura 31 au zaidi. Basi mgomba, aliye wa mwisho, anatolewa. Karatasi zake 8 hazitupwi: husomwa nafasi ya pili, na 6 zinakwenda kwa nyumba, 2 kwa ng'ombe. Sasa jembe ana 22, nyumba 23, ng'ombe 15. Ng'ombe anatolewa, na kila karatasi yake inahamia kwa mgombea anayefuata ambaye bado yumo: 5 kwa jembe, 10 kwa nyumba. Jembe anafikia 27, nyumba 33. Nyumba ameshinda.

Hapo bila shaka mtoto mmoja atasema jembe ameibiwa, maana aliongoza mwanzoni. Mwalimu asimnyamazishe. Amwonyeshe kwamba watoto 38 kati ya 60 hawakumweka jembe nafasi ya kwanza, na kwamba walipobaki wawili, wengi walimtaka nyumba. Aeleze pia kwamba kumwandika mtu wa pili hakumpunguzii kitu yule wa kwanza, kwa kuwa nafasi ya pili haisomwi mpaka wa kwanza awe ametolewa. Lakini maelezo haya yatangulie kura. Kanuni inayotangazwa baada ya kuhesabu huonekana kuwa hila, hata ikiwa ya haki.

Faida kubwa zaidi, kwa maoni yetu, imo katika matayarisho. Mtoto anayetakiwa kutaja jina moja humtaja rafiki yake, na kazi imekwisha. Anayetakiwa kuwapanga wanne hana budi kuwasikiliza wanne. Kwa hiyo wagombea wapewe siku ya kueleza watakavyosimamia usafi, shamba na mahudhurio, na wenzao wawaulize maswali. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya shule. Haya ni maamuzi yaliyo karibu nao kabisa.

Historia ya mkoa huu nayo yatufunza uzito wa matayarisho. Mwaka 1958 Jimbo la Kaskazini lilipiga kura ya Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Si kila mtu aliruhusiwa. Palikuwa na masharti ya kipato, elimu au cheo. Aliyeruhusiwa alipaswa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Aliyechagua pungufu, kura yake iliharibika. TANU, baada ya kukubali katika mkutano wa Tabora Januari mwaka huo kushiriki licha ya kulichukia sharti hilo, ililazimika kuwaelimisha watu wake, na wagombea iliowaunga mkono wakashinda. Miongoni mwao alikuwa Bi. Sophia Mustafa wa Arusha. Kura ile haikuwa ya kupanga nafasi, lakini ilidhihirisha kwamba asiyejua kanuni hupoteza sauti yake.

Kwa sababu hiyohiyo mwalimu awe mwangalifu. Kwetu Tanzania mbunge hushinda kwa kupata kura nyingi kuliko kila mwenzake, hata zisipofika nusu, na tangu mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000 Rais naye huchaguliwa vivyo hivyo. Mpiga kura huweka alama moja kwa mgombea mmoja. Mtoto asiondoke darasani akidhani kwamba akifikisha miaka 18 ataandika 1, 2, 3 kituoni. Afundishwe njia zote mbili, azilinganishe, na ajue ipi inatumika wapi.

Tunajua mtakutana na madarasa makubwa na vipindi vifupi. Hata hivyo karatasi za madaftari yaliyokwisha, kasha moja na vipindi viwili vyatosha. Hesabu ifanyike mbele ya wote, na watoto wenyewe wazipange karatasi mezani mafungu kwa mafungu, ili kila mmoja aone karatasi ikihama na ajue kwa nini imehama. Mwanachuo atakayekwenda mazoezini muhula ujao na aanze na uchaguzi wa kiranja, kabla hajaandika somo la demokrasia ubaoni.